Kumlisha Mtoto Uji Nako Kunasomewa

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, itangaze kwamba elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10, mazungumzo hapa Tanga yamekuwa ya matofali na mabati. Madarasa mangapi, madawati mangapi, walimu wangapi wa kupokea makundi mawili yatakayoingia kidato cha kwanza kwa mpigo Januari 2028, la darasa la sita na la darasa la saba, yakiwa yamemaliza mwaka ule ule. Ni mazungumzo ya lazima. Ila yakifika kwa watoto wenye ulemavu wa akili, wenye usonji na wenye mtindio wa ubongo, hufungwa kwa sentensi moja: tutaongeza vitengo na walimu wa elimu maalumu. Hapo watu huridhika, wakahamia ajenda nyingine. Mimi naona hapo ndipo tunapolisoma jambo vibaya. Mtoto wa namna hii hafiki mbele ya mwalimu mpaka mtu mwingine awe amemvusha: amemvalisha, amemlisha bila kumpalia, amempeleka chooni, ametambua kwamba ukali wake wa asubuhi ile ni jino linalouma. Mtu huyo hatumfundishi, hatumwajiri kwa kazi yake, na hata jina la kazi hiyo hatujakubaliana. Ninachodai ni kwamba kazi yake ni ujuzi kamili unaofundishika, na kwamba mkoa wetu una karibu kila kitu cha kuanzishia mafunzo hayo isipokuwa cheti na nafasi ya ajira. Vikikosekana hivyo viwili, elimu jumuishi itabaki kuwa idadi ya majina kwenye rejista.

Kwanza tuelewane tunawazungumzia akina nani. Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, ukagusa namna mtu anavyojifunza, anavyowasiliana, anavyotembea au anavyojihudumia, na kwa wengi hudumu maisha yote. Mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku zake, manjano kali ya siku za mwanzo, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Sindromu ya Down inatokana na kromosomu moja ya ziada, ya namba 21. Usonji ni ubongo kukua kwa namna yake, na hauponywi kwa dawa wala kwa kombe. Wengi wao wana kifafa pia. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu wenye ulemavu kwa kuuliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ikapata asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Tazama mambo mawili hapo. Kujihudumia kumo ndani ya hesabu, maana yake Serikali yenyewe inakubali kuwa wapo watu ambao kula, kuoga na kuvaa ni kazi ya watu wawili. Na hesabu inaanzia miaka 7, wakati miaka ya kabla ya hapo ndiyo ambayo mkono wenye ujuzi humfaa mtoto kuliko wakati mwingine wowote.

Historia ya mafunzo yetu inaeleza kwa nini tuko hapa. Nchi hii ilianza na wasioona, katika shule ya Buigiri mkoani Dodoma mwaka 1950. Viziwi walifuata miaka ya sitini. Watoto wenye ulemavu wa akili walisubiri mpaka miaka ya themanini ndipo wakaanza kupata madarasa yao, na wenye usonji wakaja nyuma zaidi. Kwa hiyo mfano tuliorithi wa kumsaidia mwenye ulemavu ni wa darasani: ukimpata mwalimu anayejua breli au lugha ya alama, mlango umefunguka. Mfano huo ulizaa vyuo. Patandi, kule Arusha, kimewatoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Hapa kwetu, huko Magamba, Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, ilianzisha mwaka 2007 chuo kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ndiyo iliyokipa sifa. Upande wa tiba, wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtu kushika, kuvaa na kujihudumia upya, kwa muda mrefu walitoka hospitali ya KCMC, Moshi. Tukawa na ngazi ya juu, hata kama ni nyembamba. Ngazi ya chini yake, ya mtu anayekaa na mtoto saa nane kwa siku, haikujengwa. Nadhani haikupingwa na mtu. Haikupita tu akilini mwa wapangaji kwamba hiyo nayo ni ngazi.

Ukitaka kuliona pengo hilo, nenda shule yoyote ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, ukakae kutwa. Mwalimu ni mmoja, mara nyingine wawili. Somo ni kupanga vizibo vya soda kwa rangi. Katikati ya somo mtoto mmoja anajichafua. Mwalimu ana njia mbili tu: amwache hivyo mpaka mapumziko, au ampeleke kumsafisha na kuwaacha wenzake, mmoja akiwa na tabia ya kukimbilia barabarani. Shule nyingi zimepata njia ya tatu, nayo ni mama. Mama anakaa chini ya mwarobaini tangu asubuhi hadi saa saba, anaitwa akihitajika. Biashara yake ya mahamri imekufa, mdogo wake mtoto huyo yuko kwa jirani. Siku mama akiumwa, mtoto haji shule. Halafu kwenye taarifa ya mwezi tunaandika utoro.

Tuje kwenye hoja za wanaodhani hakuna haja ya mafunzo haya. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamkwa zaidi, na hutamkwa kwa nia njema: kazi hii ni ya moyo, haisomewi, anayeifanya anataka thawabu. Nimeisikia kwenye sherehe za tarehe 3 Desemba, nimeisikia msikitini na kanisani. Chukua jambo moja tu, uji. Mtoto wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo, shingo haijakaza. Katika nyumba nyingi hulazwa mapajani, kichwa kikalegea nyuma, uji mwepesi ukamiminwa mdomoni kidogo kidogo mpaka ameze apende asipende. Anayefanya hivyo anampenda mtoto huyo kuliko mimi na wewe. Lakini kichwa kikiwa nyuma njia ya hewa inabaki wazi, uji mwepesi unakimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga, na sehemu yake inashukia mapafuni. Baada ya siku chache ni kikohozi, kisha homa, kisha wodi ya hospitali ya Bombo, na ndugu wanasema watoto hawa vifua vyao ni dhaifu. Kifua hakikuwa dhaifu.

Aliyefundishwa hufanya vingine. Mwaka jana nilikaa asubuhi moja katika kituo cha kulelea watoto hapa mjini, nikamtazama dada mmoja akimlisha mvulana wa umri huo. Alimketisha wima, nyonga na magoti vimekunjwa, miguu imekanyaga kibao. Kiti chenyewe kilikuwa ndoo iliyokatwa ubavuni na kupachikwa kanga kuukuu pande zote. Yeye alikaa kwenye kigoda mbele yake, uso kwa uso, hakumsimamia. Uji ulikuwa mzito, unashuka kijikoni taratibu. Kijiko kilikuja kutoka mbele na chini kidogo ili kidevu kiiname, kikagusa ulimi, kikangoja mdomo ujifunge wenyewe. Akangoja ameze. Akatazama koo. Ndipo kijiko cha pili. Mlo ule ulichukua dakika 40, na mvulana hakukohoa hata mara moja. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alisema kwa mgeni mmoja aliyepita kituoni kwa wiki mbili, miaka kadhaa nyuma. Ujuzi unaoamua kama mtoto atapumua vizuri au hatapumua, katika kituo kile, ulitegemea mgeni kupita.

Moyo ni sharti, sikatai. Asiye na moyo asiikaribie kazi hii. Lakini moyo haumwambii mtu kwamba kichwa kisilale nyuma. Wala haumwambii namna ya kumfundisha kijana kufunga vifungo vya shati la shule. Mwenye moyo tu humfungia vyote, kila siku, mpaka kijana anafika miaka 20. Aliyesomea huigawa kazi vipande, akaanzia mwisho: anafunga vyote, cha mwisho anakiacha kimeingia nusu, kazi ya kijana ni kukivuta tu. Kijana anaianza siku yake akiwa amemaliza kitu. Akishazoea, anaachiwa cha mwisho chote, kisha viwili, kisha vitatu. Huchukua wiki, pengine miezi, na mwishowe mama anapumzika kazi moja kati ya kazi 50 za siku. Vivyo hivyo kwa tabia ngumu. Tuseme mtoto anajitupa chini na kujipiga kichwa kila asubuhi. Wengi wetu tutasema ni ukaidi, na wako watakaosema ana shetani. Aliyefundishwa hufungua daftari la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Baada ya siku kumi daftari linaweza kuonyesha kwamba kila mara kilichotangulia ni kengele ya shule, na kinachofuata ni kutolewa nje kwenye utulivu. Mtoto hana maneno ya kusema kelele inamuumiza, basi anasema kwa kichwa chake. Sasa kuna jambo la kufanya: amtoe kabla ya kengele, amfundishe kuonyesha picha ya mlango. Hakuna huruma inayoweza kukisia hayo bila daftari.

Na mbinu hizi si za pembeni kama watu wanavyodhani. Shule za awali za Montessori, ambazo wazazi wenye uwezo hapa Tanga huzikimbilia, zina asili huko huko. Maria Montessori, daktari wa Italia, alianza kazi yake Roma na watoto wenye ulemavu wa akili, na vifaa vya mbao na mazoezi ya mikono aliyowatumia wao ndiyo aliyoyapeleka kwa watoto wengine alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907. Tulichukua matunda tukasahau mti ulipoota.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na inastahili heshima. Inasema: sisi tuna familia. Mtu mwenye ulemavu kwetu ana mama, bibi, shangazi, kaka. Mkileta watu wa mishahara mtaua undugu, na mwishowe tutawapeleka watoto kwenye majumba kama Wazungu. Woga huu una msingi. Marekani waliwahi kuwarundika watu wenye ulemavu wa akili kwenye taasisi kubwa. Willowbrook ya New York, iliyojengwa kwa watu 4,000, ilifikia kuwa na watu wapatao 6,000, na uchafu na mateso ya humo yalipoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1972 taifa zima liliona aibu. Ilifungwa mwaka 1987. Lakini soma kisa hicho vizuri. Kilichowaangamiza watu wale hakikuwa utaalamu kuzidi. Walikuwa wengi mno kwa wahudumu wachache mno, wasiofundishwa, nyuma ya ukuta ambao ndugu hawaoni ndani. Marekani ilipobadili njia, kuanzia 1981 mfuko wake wa afya kwa wenye kipato kidogo uliruhusiwa kulipia huduma nyumbani na mtaani badala ya kwenye taasisi, na hapo ndipo kazi ya mtu wa kumsaidia mlemavu nyumbani kwake ilipokua. Mhudumu aliyefundishwa ndiye aliyewatoa watu kwenye majumba, akawarudisha mtaani. Huko nako kuna funzo la pili, chungu: kazi ilikua lakini ujira ukabaki mdogo, na hadi leo wahudumu wanaingia na kutoka kiasi kwamba mtu mzima asiyesema huzoea mkono mmoja, na baada ya miezi anapewa mkono mwingine. Tukianza, tusianze kwa kosa hilo.

Tena tuwe wakweli kuhusu hiyo familia tunayoisifu. Mara nyingi familia ni mwanamke mmoja. Baba aliondoka mtoto alipofika miaka miwili bila kukaa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hapa mwana halelewi miaka 18, analelewa 40, na mlezi anazeeka huku mlelewa anaongezeka uzito. Mama wa miaka 60 kumnyanyua kijana wa miaka 25 kutoka kitandani hadi kwenye beseni, kila siku, bila mtu kumwonyesha namna ya kukunja magoti na kutumia shuka kama kombeo, ni njia ya uhakika ya kumpata mlemavu wa pili ndani ya nyumba hiyo hiyo. Tunapenda kuambiana "hujafa hujaumbika," na ni kauli njema, inamzuia mtu kucheka. Ila mama yule hajachekwa. Amechoka mgongo. Mhudumu anayekuja siku tatu kwa wiki hamnyang'anyi umama wake. Anampa nafasi ya kuwa mama badala ya kuwa winchi.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na kwangu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Halmashauri zetu 11 za mkoa wa Tanga hazina hata walimu wa kutosha wa hesabu. Nani atalipa kada mpya? Sina jibu la kumaliza ubishi. Nina mawili ya kuuweka mahali pake. La kwanza, gharama ipo tayari na inalipwa, ila inalipwa na mwanamke aliyeacha biashara, na watoto wengine wa nyumba hiyo, na wodi inayompokea mgonjwa yule yule kwa kifua kile kile. Haionekani kwenye bajeti kwa sababu mlipaji hana fungu. La pili, Serikali imeonyesha kwamba ikiamua, kada ya ngazi ya jamii huanzishwa. Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga zaidi ya 137,000 katika miaka 5, kwa mafunzo ya miezi 6 ya darasani na vitendo. Wapo wanaosema basi hao hao watawaangalia na walemavu. Hapana. Mhudumu wa afya anapita kaya nyingi akitazama ujauzito, chanjo, kifua kikuu, lishe. Anaweza kumtambua mtoto asiyekaza shingo na kumwelekeza, na hilo ni jambo kubwa sana. Hawezi kukaa naye dakika 40 za uji. Mpango ule ni ushahidi kwamba inawezekana, lakini hauwezi kubebeshwa kazi hii.

Ipo na hoja ya wataalamu wenyewe, ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini: mkitoa cheti cha mwaka mmoja, Serikali itaona imepata watu wa bei rahisi na haitaajiri tena mtaalamu wa tiba kwa vitendo wala mwalimu wa shahada. Nawaelewa. Lakini afya ya nchi hii ilijengwa vijijini na waganga wasaidizi na maafisa tabibu, na hakuna anayesema leo kwamba hao walimfuta daktari. Walimfanya daktari awe na mtu wa kumletea rufaa kutoka vijijini. Mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo akimwona mtoto mara moja kwa miezi mitatu, bila mtu wa kuendeleza mazoezi, amefanya kazi ya kumwagilia mchanga. Akiwa na wahudumu 20 anaowasimamia, elimu yake inafika mitaa 20. Sharti liandikwe mapema: mhudumu afanye kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu, na mipaka yake ijulikane. Hachomi sindano, habadilishi dozi ya dawa ya kifafa, hatangazi kwamba mtoto ana usonji.

Ujerumani ina kada kama hii, inayosomewa miaka 3 kwa kuchanganya darasa na kazi, na anayehitimu anatambulika kama fundi mwingine yeyote. Nimeitaja makusudi, kwa sababu Tanga ni ndugu wa mji wa Eckernförde wa huko tangu miaka ya sitini, na undugu huo umeleta wageni na misaada. Ningependa safari moja tu ya ugeni huo iwe ya wakufunzi kukaa meza moja na wakufunzi wetu na mtaala mbele yao. Si kuunakili. Vitanda vya umeme vya kumnyanyulia mtu havina maana kwenye kata ya Mabawa hapa mjini, ambako umeme ukikatika kitanda kinabaki kilipo. Cha kuchukua ni ile kanuni kwamba kazi hii ina mtihani, ina ngazi, na ina jina.

Je, tuna wapi pa kuanzia? Tunapo. Masiwani, hapa mjini Tanga, pana chuo cha Serikali cha ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, kimoja kati ya vichache nchini. Mjini pana chuo cha ufundi stadi cha VETA. Handeni pana chuo cha maendeleo ya wananchi, Korogwe pana chuo cha ualimu. Irente, Lushoto, pana shule ya Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifanya kile ninachokieleza. Mjini Tanga mpango wa YDCP, wa watu wenye ulemavu, umefanya kazi ya utengamao, yaani kumsaidia mtu ajimudu, mitaani na kuingia nyumba kwa nyumba. Hospitali ya Bombo inawapokea watoto hawa. Kila mmoja ana kipande. Darasa linaweza kuwa Masiwani, ambako wanafunzi wa kazi hii wangeishi na kula pamoja na watu wenye ulemavu wanaosomea ushonaji na useremala, wakawajua kama wenzao kabla ya kuwajua kama kazi. Vitendo viwe Irente, mitaani na kwenye vitengo vya shule. Usimamizi utoke hospitalini. Nadhani mwaka mmoja unatosha kwa cheti cha kwanza, theluthi yake darasani.

Lakini wanafunzi wa kwanza wasiwe vijana waliokosa nafasi kwingine. Wapo tayari wanawake, na wanaume wachache, ambao wamefanya kazi hii miaka 10 au 15 vituoni na majumbani, wakiitwa "dada wa kituo" au wakiwa hawana jina kabisa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi gereji aliyejifunzia chini ya mwembe hupimwa, hufundishwa pale alipopungua, akapewa cheti. Fundi muashi anapata, mpishi anapata. Sioni sababu ya kumnyima mama aliyemlea kijana asiyesema mpaka akaweza kuomba maji kwa kadi ya picha iliyokatwa kwenye boksi la sabuni. Yeye ana elimu ambayo wakufunzi wetu hawana. Kumpima na kumtambua ndiko kutakakowapa wakufunzi mfano wa kufundishia, na pia kutamzuia mtu wa mjini mwenye cheti kipya asimwambie yule mama, aliyeshika kazi miaka yote hiyo, kwamba sasa akae pembeni.

Jambo moja siwezi kulipita. Watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili wako kwenye hatari kubwa ya kudhulumiwa, hata kuingiliwa kimwili, na mara nyingi na mtu anayewahudumia. Hawawezi kusema, au wakisema hawaaminiwi. Kazi isiyo na cheti haina rejista, na kazi isiyo na rejista humruhusu mtu aliyefukuzwa kituo cha mtaa huu kwa kumpiga mtoto aanze kazi kesho kituo cha mtaa wa pili. Wanaoogopa kwamba kurasimisha kutawaleta watu wabaya wageuze macho: watu wabaya wanaipenda kazi hii ikiwa haina daftari. Mafunzo lazima yawe na somo la namna ya kumwogesha mtu mzima kwa kumuuliza kwanza, mlango umefungwa na shuka limemfunika, na namna ya kumfundisha anayehudumiwa kusema hapana hata kwa ishara. Na rejista iwepo kwa afisa ustawi wa jamii wa kila halmashauri, yenye majina ya waliofaulu na ya waliofutwa.

Sheria haitupingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 24 ya Mkataba, ya elimu, ndiyo tunayoinukuu kila kongamano. Ibara ya 26 tunaipita, nayo inazitaka nchi kuendeleza mafunzo ya awali na ya kazini kwa wataalamu na wahudumu wa huduma za utengamao. Wahudumu wametajwa. Kinachobaki ni kazi ya kawaida ya ofisi: mtaala upite kwenye mamlaka za mafunzo, cheo kiingizwe kwenye muundo wa utumishi, halmashauri ziweke nafasi kwenye ikama, hata mbili mbili kwa kila shule yenye kitengo, kwa kuanzia.

Tuhesabu kurudi nyuma. Januari 2028 ndipo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza, na tukiwa wakweli na neno "lazima" watakuwemo watoto wa vitengo. Ili siku hiyo kuwe na mtu mlangoni anayejua kumpokea mtoto asiyesema, mtu huyo awe amemaliza mwaka wake wa mafunzo kufikia mwisho wa 2027. Ili amalize 2027, aanze Januari ya mwaka huo. Ili aanze, mtaala uwe umeandikwa na kupitishwa, na nafasi yake iwe kwenye makisio ya halmashauri, ambayo huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Na kabla ya hayo yote, mtu mmoja wa ofisi ya elimu aende kwenye vitengo na vituo vya mkoa huu na daftari, aandike majina ya wale wanaoifanya kazi hii sasa, miaka waliyoifanya, na wanacholipwa.